Mheshimiwa, pimeni maji yetu kabla hamjachimba mafuta

Mheshimiwa,

Shikamoo. Jina lako na cheo chako naviacha. Wewe mwenyewe unajua ulikaa meza kuu siku ile chini ya mwembe, ukashika kipaza sauti ukatuambia: "Ndani ya wiki 2 mtaalamu wa maji atapita kisima kwa kisima kupima." Tulikushangilia. Mimi nilisimama kabisa kupiga makofi. Huu ni mwezi wa 7, hajapita mtu.

Nimenyamaza mpaka Jumanne iliyopita. Mama mmoja mjane, mkulima wa mananasi njia ya Kiwangwa, alinipigia simu alfajiri. Nilipofika alinimwagia ndoo miguuni: maji rangi ya chai ya maziwa, na tope laini lililoteleza vidoleni kama sabuni. Akaniuliza, "Fundi mwanangu, umenichimbia kisima au dimbwi?" Kisima kile nilikichimba mwenyewe mwaka 2019, mita 38, mabomba mapya, chujio jipya. Maji yake ungeona sarafu chini ya ndoo. Sasa anataka hela yake, nami sina. Wateja wawili walionipa advansi wanaidai, maana habari imeshaenea kwamba visima vyangu vinatoa tope. Miaka 22 nafanya kazi hii, Mheshimiwa, na nina watoto wanne shuleni.

Siku tisa kabla ya hapo yalipita malori ya utafiti wa mafuta, yale mazito yenye bamba la chuma tumboni. Bamba linashushwa, lori linalikalia kwa uzito wake wote, ardhi inatetemeka mpaka sufuria jikoni zinagongana. Nahisi mtikisiko ule ndio uliovuruga mchanga kandokando ya chujio. Nahisi, siapi. Nilipokwenda kuuliza ofisini, kijana aliyekuwa zamu alinirudishia swali: "Una karatasi inayoonyesha maji yalikuwaje mwanzo?" Sina. Mama hana. Simjui mwenye kisima hata mmoja Bagamoyo hii aliye nayo. Na karatasi hiyo ndiyo uliyotuahidi wewe.

Siku ile ulituambia pia kwamba teknolojia ya sasa inatoa hata mafuta yaliyonasa ndani ya jiwe, kama Marekani. Ni kweli, nimesoma kwenye simu mpaka usiku wa manane. Mwamba wa tope lililoganda haupitishi kitu. Kwa hiyo wanachoronga chini kilomita mbili tatu, wanapinda, wanakwenda ubavuni kilomita nyingine, kisha wanasukuma maji, mchanga na dawa kwa nguvu mpaka jiwe linapasuka. Mchanga unabaki ndani ya nyufa zisijifunge. Mchimbaji mmoja wa Marekani, George Mitchell, alihangaika na jiwe hilo Texas zaidi ya miaka 15, akitafuta gesi, mpaka likamkubali mwishoni mwa miaka ya 1990. Marekani ilikuwa ikitoa mapipa milioni 5 hivi ya mafuta kwa siku mwaka 2008; mwaka 2019 ilipita milioni 12. Ufundi huo nauheshimu.

Lakini kisima kimoja cha namna hiyo kinaweza kumeza lita milioni 10, na vya Texas siku hizi humeza mara kadhaa ya hapo. Boza linalotuletea maji kiangazi lina lita 10,000. Ni maboza 1,000 kwa kisima kimoja, huku mama zetu wakipanga foleni ya madumu. Na maji yanayorudi juu yana chumvi kali, lazima yatupwe mahali. Huko Oklahoma, Marekani, waliyarudisha chini kabisa ya ardhi, matetemeko yakawaandama. Lile la mji wa Pawnee, Septemba 2016, lilifika ukubwa wa 5.8.

Ninachokiogopa zaidi ni kile ninachokijua kwa mikono yangu: saruji inayozunguka bomba. Mwamba wa mafuta uko mbali sana chini ya maji yetu, sawa. Ila bomba linapita katikati ya maji hayo, na saruji ikiwa na ufa, gesi inapanda. Huko Dimock, jimbo la Pennsylvania, Marekani, siku ya Mwaka Mpya 2009, gesi ililipua kisima cha maji cha nyumbani na kurusha mfuniko wa zege. Wakabishana miaka: gesi ilikuwemo toka zamani au imeletwa na wachimbaji? Ni swali lilelile la yule kijana wa ofisini. Mwaka 2012 jimbo lile likatunga sheria: maji yakiharibika ndani ya mita 760 hivi na miezi 12 ya uchimbaji huo, mchimbaji ndiye mwenye kosa mpaka athibitishe vingine. Basi wachimbaji wenyewe wanakimbilia kupima visima vya watu kabla ya kuanza.

Sisemi mtapasua mwamba hapa kesho. Tangu tulipotangaziwa gesi ya bonde la Ruvu mwaka 2016 tumepokea wageni wengi, na hatujamfukuza hata mmoja. Chimbeni kwa njia yoyote mtakayoona inafaa, lakini pimeni maji yetu kwanza. Chumvi, gesi, tope, yote, na kila mwenye kisima apewe nakala yake yenye muhuri.

Nina daftari la visima 31, kina cha kila kimoja na mwaka wake. Nitamtembeza mtaalamu wako kwa pikipiki yangu, mafuta juu yangu. Aje na chupa tu.

Wako mtiifu,
Fundi visima, Bagamoyo