Wifi, kuhusu ile chupa ya chai

Wifi yangu,

Nasikia huko uliko saa kumi jioni jua limeshazama. Wewe uliyekuwa ukilalamika baridi ya Wundanyi mwezi wa saba, sijui huko unafanyaje. Vaa soksi mbili. Na hizo zamu za ziada usizichukue zote. Kazi haiishi, mgongo ndio unaokwisha.

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu namba yako ya zamani haiingii, na mpya kaka yangu amekataa kunipa. Eti tuyamalize wenyewe. Tutayamaliza vipi bila namba, hilo hakusema.

Najua utasema wifi kaanza tena na uji wake. Ndiyo, naanza na uji. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, baada ya siku chache makanisa yakafungwa, na sisi akina mama tukabaki na masufuria ya kanisa na mikono mitupu. Tukachangishana kwa M-Pesa: wimbi, sukari, unga wa mahamri. Askari wa hospitali yenu akatuchorea mstari wa chaki tusiuvuke, matroni akawa anatoka kupokea. Ni wewe uliyenipigia simu ukicheka kwamba chakula chetu kinafika saa mbaya. Mkishavaa lile vazi la kinga hamli, hamnywi, msalani hamwendi mpaka zamu iishe, maana ukilivua ndiyo basi, na yaliyopo ni ya kuhesabu. Uji unawapoea mbele ya macho. Tukahamia asubuhi, wa usiku wakitoka. Zile barakoa za vipande vya leso ukasema wodini hazifai, ila za kupandia matatu ni nzuri sana. Sikukasirika. Ulikuwa na alama nyekundu juu ya pua ambayo haikuwa ikitoka.

Sasa ile Ijumaa ya Mei. Asubuhi tuliimba ubeti mmoja nyuma ya mstari wa chaki, tukawapigia makofi, tukapigwa picha. Mimi niko mbele, na sare.

Usiku wake, saa mbili, kafyu ina saa nzima tangu iingie, geti likagongwa. Ulikuwa na begi mgongoni na ndoo mkononi. Ndoo, wifi! Wapangaji walikuwa wamejua kazi yako na mwenye nyumba amekutolea vyombo nje. Hukuomba kitanda. Ulisema, "Nitalala hapo varandani tu. Asubuhi naingia zamu."

Na mimi nikakuuliza kama umeoga.

Nikasema ngoja. Nikaingia jikoni, nikajaza chai ya tangawizi, nikafunga mahamri yaliyobaki ya hospitali. Chupa haikupita kwenye nondo. Nikapanda juu ya jiwe, nikaipitisha juu ya geti, na nikaiachilia kabla kidole chako hakijagusa changu. Nusura ianguke. Ukaidaka. Ukasema asante, ukashika njia usiku ule, na polisi walikuwa walewale waliowacharaza watu Likoni siku ya kwanza ya kafyu, watu waliotaka feri tu. Najua ulikuwa na kitambulisho cha kazi. Rungu halisomi kitambulisho.

Lakini niambie, wewe mwenyewe ungefanyaje? Mama alikuwa na miaka 71, sukari, presha. Nani alinifundisha kwamba wazee wasikaribiwe? Kwa nini ulimwacha mwanao kwangu tangu Machi, kama si kwa hofu hiyohiyo? Mumeo alikuwa amekwama Doha, ndege zimesimamishwa. Mimi ndiye niliyebaki na mama, na mtoto, na geti. Miezi mitatu na zaidi nilimwogesha mwanao, nikamsomesha mezani, sikukudai hata shilingi, na ile karo ya muhula wa kwanza unajua nani aliilipa. Haya, hayo si ya hapa.

Varanda iko nje, hewa inapita. Kutoka pale hadi mlango wa Mama ni hatua kumi na moja. Nimezihesabu, na si mara moja.

Desemba mlipogoma mkidai vifaa vya kinga, bima na marupurupu, mmoja wetu akaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba manesi hawana shukrani, baada ya uji wote ule. Ulikuwa bado umo. Sikuandika neno. Asubuhi nikakuta umetoka. Julai 2021 serikali yetu na Uingereza zikasaini mkataba wa wauguzi, na papo hapo nikajua utakwenda. Hukuniaga.

Lakini wewe nawe wifi, ile leso! Ulipokuja kumchukua mtoto, ule mwezi makanisa yalipofunguliwa kwa watu 100 na saa moja ya ibada, nilikufungulia geti lote. Ukabaki barabarani. Ukanirudishia chupa imeoshwa, imefungwa kwa leso mpya, pea nzima. Nilipofika jikoni ndipo nikasoma jina lake: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Kwa hiyo ulikwenda dukani, ukapekua leso moja moja, ukachagua. Na mshahara wenyewe umechelewa.

Mimi sikuivaa. Mama ndiye aliyeichukua, anasema rangi inamkubali. Bila miwani hasomi, na miwani haitaki. Jumapili iliyopita alijitanda nayo ibadani, akakaa safu ya mbele, mimi nyuma yake, jina limemkaa mgongoni. Nimelisoma toka zaburi mpaka sadaka. Tuliporudi akakaa varandani, akavua viatu, akaniuliza wewe unakuja lini.

Nimemwambia nitakuuliza.