Wauza mitandio wapewe masaa ya jioni

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee hawa wamama wanaouza mitandio mitaani hapa Kampala, maana tunawalaumu mwaka mzima halafu Idi ikikaribia ndio hao hao tunawakimbilia.

Mtandio mwepesi kwa mchuuzi mimi napata kwa shilingi 5,000 na ukichukua miwili anakupunguzia, panda sasa ghorofani kwenye akedi, yale majengo ya maduka mjini, uulize ule ule uliotoka mtaa wa Kikuubo kwa bei ya jumla, bei imeruka, na sio kwamba mwenye duka ni mwizi, kodi ya chumba pale mjini ni kubwa na lazima airudishe kwenye nguo. Sisi tunaojifunika kila siku mtandio mmoja hautoshi, kuna wa kazini, wa msibani, wa watoto madrasa.

Wengine wanasema eti mitandio ya barabarani ni feki. Jamani poliesta ni poliesta hata ukiinunua dukani, hainyonyi jasho, saa saba mchana kichwa kinachemka! Kunja kwenye ngumi halafu achia, pamba inabaki na makunyanzi, poliesta inanyooka. Lowesha pembe ufutie kwenye kitambaa cheupe uone kama inachuja. Mchuuzi mzuri hakukatazi, ninayenunua kwake karibu na Old Taxi Park huwa ananiambia mwenyewe, nnyabo (yaani mama) huo acha, unachuja.

Januari 2022 KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, iliwaondoa wachuuzi barabarani waende masokoni. Kweli njia za miguu zilikuwa hazipitiki, mama ana mtoto mgongoni anashuka kwenye lami katikati ya boda boda, hilo siwezi kulitetea. Lakini mtu anayewahi taksi saa kumi na mbili jioni hatazunguka soko la Owino kutafuta mtandio. Ndio maana wengi wamerudi, wanauza huku wanaangalia nyuma, mzigo uko juu ya shuka tayari kwa kukimbia, na ukichukuliwa ule mzigo ni mkopo wa mtu umeenda na watoto wanalala njaa.

Naomba wapewe masaa, tuseme saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku, pale Luwum Street na Namirembe Road, wasajiliwe, walipe ada ndogo ya siku, wachorewe mstari wasiouvuka na kila mtu afagie alipokaa. Wenye maduka nao waitwe waseme yao. Ila lifanyike kabla ya Idi tafadhali.

Msomaji wenu,
Kibuli, Kampala