Barua kwa mwanangu kutoka Mexico

Mwanangu Idrisa,

Salaam nyingi. Mimi mzima, ila miguu inauma. Jana mkutano ulipumzika, nikapanda basi la asubuhi hadi Tula, jimbo la Hidalgo, kuona magofu ya mji wa Watolteki, watu wa kale wa huko. Jua kali, vumbi, na mipungate kila ugeukapo. Mji huo ulitamba kati ya mwaka 900 na 1150 hivi, kisha majumba yake yakateketea, watu wakahama.

Juu ya piramidi wamesimama askari wanne wa mawe, kila mmoja mita 4.6 hivi. Kifuani wana pambo la umbo la kipepeo, mkononi kifaa cha kurushia mikuki. Wanatisha, lakini kazi yao ilikuwa kubeba paa la hekalu. Nguzo, basi.

Nikasogea. Kila sanamu lina mistari inayolikata mara tatu: ni vipande vinne vya basalti, ulimi wa kimoja umezama kwenye tundu la kingine. Nikakukumbuka ulivyonionyesha mguu wa kile kiti ulichounda, nami nikakuuliza kwa kejeli kama hicho ndicho nilicholipia ada.

Waliobomoa hekalu walivitupa vipande hivyo kwenye handaki walilochimba katika piramidi hiyohiyo. Vililala humo karne na karne, hadi mwanaakiolojia Jorge Acosta alipovifukua miaka ya 1940. Vikaungwa upya, vikasimama. (Sanamu moja pale juu ni nakala; lenyewe liko Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, hapa Mexico City. Leo nimelifuata nikalizunguka mpaka mlinzi akaanza kunitazama.)

Waazteki waliokuja baadaye walipora sanamu za Tula wakazipeleka kwao. Hata hivyo, katika Kinahuatl, lugha yao, *toltecatl*, yaani mtu wa Tula, ndilo jina walilomwitia fundi stadi. Si mfalme, si shujaa wa vita. Fundi. Niliposikia hivyo nikakaa kivulini kitambo, nikaona aibu peke yangu.

Nimekupigia picha za maungio tu. Mama yako atalalamika kwamba sura hazionekani.

Kile kiti usimpe mtu. Nikirudi nataka nikikalie.

Ni mimi baba yako