Baraza lilikumbuka mipaka, wajukuu likawasahau

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako haliishiwi habari za migogoro ya viwanja hapa Dodoma. Nazisoma zote, maana na sisi tulikuwa nao. Wetu ulikwisha, karatasi ninayo na mhuri umegongwa. Ninaloandikia ni lile ambalo halimo kwenye karatasi hiyo.

Mimi ni mzee wa miaka 68, Mgogo, mkulima wa upande wa barabara ya kwenda Morogoro. Mwaka 1973 TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma nilikuwa kijana wa kuchunga, na baba yangu alicheka: mji ufike huku kwenye minyaa, uje kufanya nini? Alikufa akiamini hivyo. CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, ilikuja, ikavunjwa mwaka 2017, shamba letu bado lilikuwa la uwele na karanga. Ila Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli, madalali walianza kuingia uani hata hatujanawa uso. Ekari tatu zikapimwa, zikawa viwanja. Fedha za kupimia alitoa mwanangu wa kwanza, hilo sikatai. Mimi nikauza kimoja bila kumwambia, mama yake akiwa amelazwa.

Alipopata habari alikuja na mkewe na watoto, tukakaa chini ya mwembe na ndugu kama kumi hivi. Maneno yalipokolea nikatamka jambo ambalo mtu mzima mwenye akili zake hatamki. Nilisema hao watoto wenyewe anaotaka niwagawie ardhi, mimi sina hakika kama ni damu yangu.

Mkwe wangu hakujibu. Aliinuka tu, akaita watoto. Mjukuu wangu mkubwa, wa kike, wakati huo ana miaka minane, alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa karanga ambazo bibi yake alimpa amenye. Aliuweka ungo chini polepole, hakumwaga hata moja, akaenda kwa mama yake. Sijui alielewa kiasi gani. Aliniangalia.

Inabidi nieleze mtoto huyu na mimi tulikuwaje, la sivyo msomaji atadhani nalilia heshima yangu. Kwa Kigogo babu ni kuku. Mtoto wa mjini alipolisikia neno hilo mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akifika uani huita kwa sauti, "Kuku, umeshataga?" Namjibu nilikuwa namsubiri mke wangu aje kuokota mayai, maana huwa naringa kuwa nimeshamwoa yeye na bibi yake nitamrudisha kwao. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Ananiambia jambo ambalo baba yake hathubutu, na mimi namfundisha jambo ambalo baba yake hana muda nalo: mbuyu upi ulikuwa mpaka wa babu zetu, mlenda unapikwaje usikatike, Kigogo kidogo cha kuamkia watu.

Ni mwaka wa tatu sasa. Wanakaa Ilazo. Si Mwanza, si Ulaya, ni daladala mbili tu. Wamepata na mtoto mwingine, wa kiume, na habari hiyo niliipata kwa kijana wa bodaboda aliyedhani najua, akawa ananipongeza. Mke wangu huenda kuwaona. Huniaga kwamba anakwenda soko la Majengo, anarudi hana hata nyanya moja. Simuulizi.

Mwaka jana ndipo tulifika Baraza la Kata. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sisi hatukufika huko. Wajumbe waliuliza bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, ziko wapi, nani alimlipa mpimaji, kile kilichouzwa fedha zake zilikwenda wapi. Viwanja viwili vikawa vya mwanangu, tukaweka saini. Walifanya kazi nzuri. Lakini katika vikao vyote hakuna aliyeniuliza, "Mzee, wajukuu wamekuja kwako lini mara ya mwisho?" Mwanangu akatoka, akawasha gari. Mimi nikarudi kwa miguu na karatasi yangu.

Ndiyo maana nawaomba wajumbe wa mabaraza, wenyeviti wa mitaa, wachungaji, mashehe na wazee wa ukoo wanaoitwa kuamua haya mambo: kabla watu hawajatawanyika, ulizeni hilo swali moja. Maana kama kazi ni kusuluhisha, bikoni hazikugombana.

Wapo watakaoniambia niende mahakamani. Msaidizi wa kisheria mmoja alinieleza kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa ndugu aliyekuwa akimlea mtoto nafasi ya kuomba aruhusiwe kumwona. Mimi sikumlea, nilikuwa namtania tu. Na hata ningekuwa na haki hiyo, mtoto aliyeletwa kwangu kwa amri ya hakimu ataniuliza kama nimetaga?

Jina langu usiliandike, Mhariri, kwa ajili ya watoto, wasije wakasumbuliwa shuleni. Waliokuwepo chini ya mwembe watanijua. Mwanangu naye atanijua, kwa kuwa tangu yuko sekondari hapitwi na gazeti, na ukurasa wa barua huanza nao. Baba, lile neno nililisema mbele za watu kumi, na nikakuacha miaka yote hii nikisubiri uje wewe, kwa kuwa wewe ndiye mtoto. Lilikuwa uongo. Nililijua kuwa ni uongo lingali mdomoni. Mwambie mkeo nimesema hivyo, na akiniruhusu nitakuja Ilazo mwenyewe nimwambie yeye. Karanga za mwaka huu zimeshakauka, zipo darini, hazijamenywa.

Mzee wa Dodoma