Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: turudishiwe chumba cha mazoezi ya kiharusi

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Salamu, na pole na majukumu. Wiki iliyopita mama mmoja aliyepooza upande wa kushoto alianguka kwenye veranda, kati ya benchi la kliniki na mlango wa choo, akavunjika nyonga. Nyonga ya kushoto. Mwenye kiharusi mara nyingi huangukia upande uliolegea, na mfupa wa upande huo huwa umeshapungua uimara kwa kukosa kubebeshwa uzito.

Mama huyo aliruhusiwa wodini na karatasi ya mazoezi: kukunja goti akiwa amelala, kunyoosha mkono akiwa amekaa. La kusimama halimo hata moja, ilhali wagonjwa hawa huanguka wakiinuka kitini, wakigeuka, wakivuka kizingiti.

Kinachotakiwa tunakijua. Mgonjwa asimame kwenye kona ya kuta mbili, mgongo uelekee kona, mbele yake kiti kizito kisicho na magurudumu. Msaidizi awe upande uliolegea, nyuma kidogo, ashike mkanda wa kiunoni. Asimvute mkono, bega lililolegea huumia upesi. Mgonjwa aanze kuhamishia uzito mguu dhaifu mpaka kisigino kikanyage sawasawa, ndipo apige hatua. Wengi hukosea hapa, humhimiza ainue mguu mbovu tu. Ainue na ule mzima, mbele, pembeni, nyuma, kwa sababu kila ukiinuka, ule dhaifu unalazimika kubeba mwili wote. Akisimama kwa mguu dhaifu, mguu mzima ukipanda na kushuka kwenye kibao cha kimo cha sentimita 7.5, tuhesabu mara ngapi kwa sekunde 15 na tuandike kwenye faili, ili wiki ijayo tuwe na cha kulinganisha. Goti likikunjika ghafla, hatua ifupishwe. Vidole vikikwaruza sakafu, kifundo kinahitaji kifaa cha kukishikilia, na kumkemea ainue mguu hakusaidii kitu. Ashike kiti kwa mikono miwili, baadaye mmoja, baadaye ncha za vidole tu. Zoezi lisilomyumbisha kabisa halimjengi, na linalomyumbisha halifanywi bila mtu wa kumdaka. Ndala zivuliwe. Kanga isibane mapaja, ikibana hatua ya pembeni haitatoka.

Hayo hayafanyiki kwenye korido inayopita machela. Chumba chenye reli mbili za kushikilia wakati wa kutembea kimejaa maboksi tangu mwaka jana. Tunadhani ni kwa sababu stoo ilivuja, maana hakuna aliyetueleza. Kwenye kikao cha Januari ulisema mwenyewe, mbele ya wakuu wa idara wote, kwamba kitarudi kabla ya Juni. Juni imepita, na sasa mtu amevunjika.

Hatuombi mashine. Reli zipo, zimeegemezwa ukutani nyuma ya maboksi hayohayo. Vibao seremala wa hospitali atakata kwa mabaki ya mbao. Ndugu wa wagonjwa tutawafundisha sisi kabla ya ruhusa, hata mchana wa saa za mapumziko. Reli ya chooni nayo inahitajika, na presha ya mgonjwa ipimwe akiwa amelala kisha amesimama, lakini hayo tutayadai siku nyingine. Leo tunaomba maboksi yatoke. Chumba kirudi, Ndugu Mganga Mfawidhi, kabla mwingine hajaletwa na machela.

Wako katika kazi,
Watumishi wa fiziotherapia