Derby ya Kariakoo nayo ipewe silaha yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo linalonikereketa kila ikikaribia derby ya Simba na Yanga, hivi mechi kubwa vile, nchi nzima imesimama, halafu kwenye ligi mshindi anaondoka na pointi 3 tu kama vile kacheza na timu yoyote? Mi naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota huku Marekani, na kuna kitu wenzetu wanafanya huku ambacho naona kingetufaa sana.

Chuo Kikuu cha Minnesota na kile cha Wisconsin ni watani wa jadi, wanakutana tangu 1890 kwenye ule mpira wao wa kubeba mikononi, na wanachogombania ni shoka. Ndio, shoka, mpini wake una futi 6, na kwenye huo mpini wameandika matokeo ya mechi zao mwaka baada ya mwaka, na lile la kwanza limeshastaafishwa likapelekwa makumbusho, wakatengeneza jingine. Lilianza kutolewa 1948 na linaitwa Shoka la Paul Bunyan.

Sasa huyo Paul Bunyan ndo utamu wenyewe ulipo. Ni jitu la kwenye hadithi, mkata miti, wanasema alipozaliwa ilibidi korongo watano wasaidiane kumbeba. Alikuwa na maksai wake wa rangi ya bluu anaitwa Babe, na maziwa yote ya Minnesota, wenyewe wanajisifu yako 10,000, ni nyayo za huyo maksai zilizojaa maji. Sufuria yake ya chapati ilikuwa kubwa mpaka vijana walifunga vipande vya nyama ya mafuta miguuni wakawa wanateleza humo ndani ili kuipaka mafuta. Kuna mwaka baridi ilizidi, maneno ya watu yakaganda hewani, basi ilipofika masika yakayeyuka yote kwa mpigo ikawa kelele tupu porini. Na lile bonde kubwa la Grand Canyon lilitokea siku alipochoka akawa analiburuta shoka lake nyuma.

Na hakuna anayedanganywa hapo. Kila mtu anajua wakata miti walikuwa wakipigiana soga hizo kambini, na kwamba kampuni ya mbao ya Red River Lumber ndo iliyozisambaza zaidi, ilichapisha kijitabu 1914 kutangaza biashara yake. Lakini mji wa Bemidji umemjengea sanamu yeye na maksai wake tangu 1937 na watu wanasafiri kwenda kupiga nao picha. Uongo uliosemwa wazi kuwa ni uongo, ukapendwa na wote, naona ni mali ya jamii kabisa.

Kabla ya shoka waligombania ubao, eti Kipande cha Nyama, wa mti wa walnut, alichonga daktari mmoja wa Minneapolis mwaka 1930. Katikati kuna herufi moja, ukiuweka hivi unasoma M ya Minnesota, ukiugeuza juu chini inakuwa W ya Wisconsin. Ukapotea miaka ya 40, ukaja kuonekana 1994 kwenye stoo ya uwanja wa Wisconsin, na nyuma yake kumeandikwa matokeo mpaka ya 1970! Yaani wakati wote unaitwa umepotea kuna mtu alikuwa anaandika matokeo kimya kimya. Mtu yule nampenda bila kumjua.

Najua watakaosema silaha na mashabiki wetu wapi na wapi, zitaleta fujo. Kweli hata huku yametokea, 2013 Wisconsin walishinda ugenini wakataka kwenda kujifanya wanakata nguzo za goli kwa lile shoka, ndo desturi ya mshindi, wachezaji wa Minnesota wakasimama kuzilinda nguzo zao, wakasukumana. Vyuo vikakaa vikabadilisha utaratibu wa kukabidhi, shoka likabaki. Na Minnesota walikuja kulichukua 2018 baada ya kulikosa misimu 14 mfululizo, 37-15 tena ugenini, fikiria furaha ya vijana ambao hawajawahi kuligusa tangu waingie chuo.

Pendekezo langu ni mkuki. Wachonga vinyago wa Mwenge watuchongee wa mninga, mrefu na mnene kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuunyanyua, upande mmoja mwekundu upande mmoja kijani na njano, na uwe na hadithi. Mi naanza na hii: zamani kulikuwa na jitu, likilala kichwa kiko Pugu, mguu mmoja Jangwani kwa Yanga mguu mwingine Msimbazi kwa Simba, na kila usiku miguu ikawa inagombania blanketi, huu unavuta huku na ule unavuta kule, jitu halipati usingizi. Usiku mmoja mbu akalipigia kelele sikioni, likakasirika likamrushia mkuki, likamkosa, mkuki ukachana nchi kavu bahari ikaingia, ndo maana mpaka leo watu wa Kigamboni wanapanda pantoni. Mbu hakuuawa, na miguu haijapatana.

Wapo wasomaji wako wenye vipaji kunishinda, wazee wa Kariakoo hasa. Kwa hiyo Mhariri, nakuomba ukurasa wa michezo utenge nafasi kuelekea derby ijayo watu walete hadithi zao za huo mkuki, za kuchekesha na zisizotukana upande wowote, halafu muwapelekee viongozi wa klabu zote mbili waichague moja kwa pamoja. Wakianza kuvutana nani auhifadhi kwanza, wapewe Yanga, maana ni wa 1935 na Simba ni wa 1936, na nasema hivi mimi nikiwa Simba damu.

Msomaji wako,
Minneapolis, Marekani