Mnaowasumbua watu na salfa kwenye udongo wa chokaa

Mhariri,

Kila nikisoma ushauri wa bustani, ikifika habari ya udongo wenye alkali jibu ni lilelile: tia salfa, tia mboji, ati pH (kipimo cha asidi na alkali, kikipanda ndo alkali inazidi) itashuka. Itashuka wapi? Kama udongo una chokaa yenyewe ndani, yaani ukiudondoshea siki unatoa mapovu, hiyo salfa asidi yake inamalizwa na chokaa kabla mmea haujafaidi chochote, halafu maji ya kisima nayo mara nyingi yanakuja na chokaa yake, kwahiyo unatoa huku unarudisha kule na hela ishaenda.

Mi naona bora mtu apande kitu kinachoupenda huo udongo. Kuna kichaka kinaitwa Leucophyllum frutescens, asili yake Texas na kaskazini mwa Mexico, huko kinaota kwenye ardhi ya mawe ya chokaa, pH ya 8 kwake kawaida tu. Majani yana rangi ya fedha sababu ya vinyweleo vidogo vinavyorudisha jua na kupunguza maji yanayopotea. Maua ya zambarau, na hapo ndo raha yake, wakati wa kiangazi kimekaa kimya tu, hewa ikishapata unyevu au mvua ikinyesha kinafumuka chote ndani ya siku chache. Texas walikipenda hadi mwaka 2005 wakakitangaza kuwa kichaka rasmi cha asili cha jimbo lao.

Sasa watu wanakiua kwa huruma. Wanakimwagilia kila jioni kama mchicha, wanakijaza samadi, matokeo yake kinarefuka ovyo matawi yanalala, maua hakuna, mwisho mizizi inaoza. Kinataka jua la siku nzima na maji yasiyotuama, kama udongo ni mfinyanzi inua tuta kwanza ndo upande juu yake. Shimo lijaze udongo uleule uliouchimba, mambo ya kuweka mboji nyingi shimoni acha, maji yatakusanyika humo. Msimu wa kwanza mwagilia mpaka mizizi ishike, baada ya hapo mara mojamoja lakini maji yashuke chini kabisa. Na jamani msikikate kikawa mpira kila wiki, mnakata na vitumba vyake.

Wenye vichaka vingine tayari, ukiona majani machanga yanakuwa njano ila mishipa imebaki kijani, usikimbilie maji wala mbolea ya kukuzia. Hapo mara nyingi mmea umekosa madini ya chuma, yapo udongoni ila alkali imeyafunga. Tafuta chuma cha aina ya EDDHA (jina la kemikali inayokishikilia chuma kisifungwe na udongo), hiki ndo kinavumilia pH kubwa, ile aina nyingine ya EDTA ukiimwaga kwenye udongo wa chokaa haikai, sanasana unyunyizie kwenye majani.

Msomaji wenu